Nani Mwenye Barua?

Mzee mmoja wa usharika wetu hapa pwani ya Kilwa, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 78, alikuja ofisini Jumatatu moja akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Tulimpa shikamoo, tukampa kiti. Akatueleza kwamba ofisi moja inayohusika na mafao yake imemwambia taarifa zitakuwa zinakuja kwa barua pepe, na kwamba mwanawe wa pekee, aliye mbali, naye anasema hiyo ndiyo njia rahisi. "Sasa, Baba Mchungaji," alisema, "nifungulieni hiyo barua pepe."

Tulimfungulia. Haikuchukua hata nusu saa. Namba ya simu iliyotakiwa tuliweka ya ofisi, kwa sababu simu yake siku hiyo haikuwa na chaji. Neno la siri tulilichagua sisi, tukaliandika kwenye karatasi, na karatasi tukaiweka ndani ya daftari la sadaka ili isipotee. Muda wote huo yeye alikaa upande wa pili wa meza, akitazama mgongo wa mashine. Tulipomaliza alitushukuru sana, na wiki iliyofuata akatuletea nazi sita.

Ukawa utaratibu. Kila Jumatatu anakuja, anauliza kama kuna lolote. Sisi tunafungua, tunamsomea, anatuambia la kujibu, tunaandika. Tuliona tunafanya huduma, na kwa kweli ilikuwa huduma. Lakini Jumatatu moja tulikuwa tumetangulia kufungua asubuhi, kabla hajafika, ili tumwokolee muda. Ilikuwepo barua ya mwanawe. Yaliyokuwemo hatutayaandika hapa, maana tumeshayasoma mara moja zaidi ya tulivyostahili. Yalikuwa mambo ambayo mtoto humwambia baba yake tu, usiku, mlango ukiwa umefungwa.

Mzee alipoingia hatukuwa tumesema neno. Alitutazama usoni, akaketi polepole, akauliza, "Mmeshaisoma?"

Tukajibu ndiyo. Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi nisomeeni na mimi."

Ametupa ruhusa kusimulia habari hii, na tunaisimulia kwa sababu tangu siku ile hatujaacha kujiuliza tulikosea wapi. Hatukuiba. Hatukumtangaza. Sisi wachungaji tumeapa kutunza siri, na ya mzee huyu tumeitunza. Tumezoea kusikia mazito kuliko hayo. Kwa nini basi tuliona aibu?

Tulipolitafakari tuliona hivi. Mtu anapokuja kuungama, siri ni yake na yeye ndiye anayeitoa. Huchagua siku, huchagua maneno, na akifika mlangoni moyo ukasita anaweza kurudi nyumbani nayo. Mzee wetu hakutoa kitu. Siri yake ilituangukia mikononi kwa sababu njia ya kuifikia ilikuwa ngumu mno kwake kuipita peke yake. Ugumu ule ndio uliomnyang'anya, nasi tukawa wapokeaji.

Je, ni vibaya kuandikiwa au kusomewa barua na mtu mwingine? Hata kidogo. Mtume Paulo aliandikiwa. Mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, katika sura ya 16, mwandishi anajitaja jina: Tertio, naye anatoa salamu zake. Lakini mwishoni mwa Wagalatia, sura ya 6, Paulo anashika kalamu mwenyewe na kuwaonyesha wasomaji jinsi herufi zake zilivyo kubwa. Wapo wafafanuzi waliodhani macho yake yalikuwa mabovu. Vyovyote ilivyokuwa, tunamwona mtu anayesaidiwa na ambaye bado ni mwenye barua. Kalamu iko karibu naye, na akitaka anaichukua. Mzee wetu kalamu ilikuwa upande wa pili wa meza, imempa mgongo.

Vijana wetu wakisikia haya husema, "Si ajifunze tu?" Tunawaomba wakae kidogo upande ule wa meza. Ili kufungua barua pepe, mtu anatakiwa kuwa na nywila, neno ambalo hata sisi tulikutana nalo mara ya kwanza ndani ya kompyuta. Anapoiandika, kila herufi inageuka kitone cheusi, hivyo hawezi kuona alipokosea. Akikosea anaambiwa amekosea, haambiwi ni wapi. Zinatumwa tarakimu za kuthibitisha kwenye simu. Anatafuta miwani, anafungua ujumbe, anarudi kwenye kompyuta, muda umekwisha, tarakimu hazifai tena. Kisha zinakuja picha tisa ndogo, achague zenye taa za kuongozea magari ili ithibitike kwamba yeye si roboti. Mzee ambaye maisha yake yamepita kati ya Kivinje na Nangurukuru ataziona wapi taa hizo? (Tukiri, siku ile tulicheka. Baadaye tuliwaza: mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu anaombwa na mashine athibitishe kwamba ni mtu, naye anashindwa.)

Akipita hapo anakutana na alama zisizo na maneno: mistari mitatu, kibanio cha karatasi, ndege ya karatasi. Nani alimwambia kwamba ndege ya karatasi maana yake ni kutuma? Maandishi ni madogo na yana rangi ya majivu. Kidole kilichoshika jembe au kamba ya jahazi miaka hamsini kinagusa kioo cha simu na kioo hakisikii. Jambo hili la vidole nchi nzima ililiona usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019. Walikuwepo wazee waliokaa foleni siku nzima na mashine haikuona alama yoyote, kwa sababu kazi ilikuwa imezisaga. Hadi Januari 2020 laini zilipoanza kufungwa, kulikuwa na watu ambao kosa lao lilikuwa kufanya kazi kwa mikono.

Wengine watasema dawa ni Kiswahili. Kiswahili ni hatua kubwa na hatuibezi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi katika lugha yetu, na leo hata barua pepe inaweza kufunguliwa kwa Kiswahili. Siku tulipoibadilisha, mzee aliusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama, maana alikuwa mwalimu. Kisha akauliza maswali. Rasimu? Aliijua Rasimu ya Katiba, ile ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013. Alidhani amewekewa humo aisome. Kikasha? Alifikiri ni cha sadaka. Kila neno lilikuwa Kiswahili safi, na kila neno lilimpeleka pengine.

Ni yeye aliyetufumbua macho kuhusu kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mzee wetu, wakati huo kijana, alifundisha wavuvi na wakulima jioni baada ya kazi, kwa mwanga wa taa ya chemli. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 Serikali ilihesabu waliobaki kuwa hawafiki hata mmoja katika kumi. Tulimuuliza waliwezaje. Akasema hawakuwapa watu wazima vitabu vya watoto. Vilikuwepo vitabu vya pamba, vya ndizi, vya uvuvi, vya ufugaji, kila mmoja ajifunze herufi kwa kazi anayoijua. "Mtu anayesoma mawingu na mkondo," alisema, "huwezi kumwambia hajui kusoma. Unamwambia kuna kitu kingine cha kusoma. Mashine yenu hii ilimwandikia nani?"

Hatukuwa na jibu, ila tulikumbuka somo la historia ya Kanisa tulilofanyia mtihani chuoni na kulisahau. Mwaka 1528 Martin Luther alizunguka sharika za Saksonia kuzikagua. Aliyoyaona yalimvunja moyo: wakulima hawakujua hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengi hawakuwa na uwezo wa kuwafundisha. Katika dibaji aliyoiandika baadaye, lawama nzito aliwatupia maaskofu. Mwaka 1529 alitoa Katekisimu Ndogo, na sehemu zake za kwanza zilichapwa kama mabango ya kubandika ukutani, ili baba wa nyumba awafundishe watu wa nyumba yake. Alikuwa daktari wa theolojia na vitabu vinene alikuwa navyo. Aliona kwamba kama neno la uzima halimfikii mkulima, anayetakiwa kujisumbua kwanza ni yule mwenye elimu. Sisi tunaoitwa kwa jina lake tuna urithi huo, na tumeuweka kabatini.

Ndivyo alivyofanya Filipo pia katika Matendo 8. Mwethiopia alikuwa na kitabu mkononi na hakukielewa. Filipo hakukichukua akaenda kukisoma kando ili amletee majibu. Alipanda garini, akaketi naye, kitabu kikabaki kwa mwenyewe.

Mtu asije akadhani tunaota jambo lisilowezekana. Jambo hili lipo, liko mifukoni mwetu. Huduma ya M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, bibi ambaye hajawahi kuona kompyuta aliweza kutuma pesa kwa simu ya vitufe. Kwa nini? Kwa sababu inamuuliza swali moja, anajibu, ndipo inauliza la pili. Maneno ni ya sokoni: tuma pesa, weka namba, weka kiasi. Mwisho inamrudishia jina la mpokeaji na kiasi, ili ahakikishe kabla pesa haijaondoka. Uingereza nako, mwaka 2009, ilitoka kompyuta iliyoitwa SimplicITy kwa wazee ambao hawajawahi kugusa kompyuta; ikiwashwa ilionyesha vitufe sita tu, na kimojawapo kilikuwa cha barua pepe. Kwa hiyo tatizo si kwamba haliwezekani. Wanaotengeneza wakitaka, wanaweza.

Hata hivyo simu hiyo hiyo inatufundisha upande wa pili. Ni wazee wangapi wa sharika zetu wanaomtajia wakala namba ya siri kwa sauti, mbele ya foleni? Ni wangapi wamepokea ule ujumbe wa kitapeli unaosema ile pesa itume kwenye namba hii, wakatuma? Aliyezoea mambo yake kupitia mkono wa mwingine huzoea pia kumwamini kila mkono. Mjukuu akienda Dar es Salaam kusoma, mkono anaondoka nao.

Hapo tunapaswa kuungama jambo letu wenyewe, nalo ndilo gumu zaidi kuliandika. Tulipenda kuhitajiwa. Zile Jumatatu zilitupendeza. Mzee mwenye heshima zake, aliyewafundisha nusu ya watu wa mtaa, anatungoja sisi tumwambie kama kuna lolote. Tungeweza kumgeuzia mashine tangu siku ya kwanza. Hatukumgeuzia kwa sababu kufanya wenyewe kulikuwa haraka, na kwa sababu nyingine hiyo. Amri ya Nne inatuagiza kuwaheshimu wazazi, nasi tukadhani heshima ni kuwatumikia tu. Mzee anayetumikiwa katika kila kitu, hata katika kusoma barua ya mwanawe, anaheshimiwa kama mgeni, na mgeni hana neno katika nyumba.

Jirani yetu mmoja wa Kivinje, mama wa Kiislamu aliyetuzidi umri kwa mbali, alituongezea somo. Sisi Walutheri ni wachache katika pwani hii, na wazee wa majirani ndio wazee wetu. Siku moja tulimsindikiza kujaza fomu. Kijana wa mezani alimtazama, akaandika kwamba hajui kusoma, bila kuuliza. Yeye hakusema kitu. Njiani alitueleza kwamba anasoma tangu utotoni, kwa herufi za Kiarabu, na kwamba barua za marehemu mumewe, za Kiswahili kwa herufi hizo hizo, anazo zote sandukuni. Kompyuta ile iliyokuwa mezani inaweza kuandika herufi za Kiarabu. Hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Wapo wanaosema tuwe na subira, kizazi hiki kitapita na wanaokuja wamezaliwa na simu mkononi. Tumelisikia hata katika kikao cha baraza la wazee, na aliyelisema hakuwa na nia mbaya. Lakini kungoja wazee wafe ili tatizo liishe si mpango ambao Kanisa linaweza kuukubali. Tena sisi wenye miaka arobaini na kitu tayari tunamwita binti atuonyeshe kitufe kimehamia wapi. Nasi tuangalie nyumba yetu kwanza: matangazo ya misiba tumeyahamishia kwenye kundi la WhatsApp, sadaka tunatangaza lipa namba, na mzee asiye na simu ya kisasa anasikia habari ya mazishi wakati watu wanarudi makaburini.

Kijana wa usharika anayesomea kompyuta alipokuja likizo tulimweleza. Alifanya kazi kwa siku mbili. Alikuza herufi, akaondoa kila kisichohitajika, na alama akazigeuza maneno. Jaribio la kwanza lilishindwa vibaya. Alikuwa ameweka picha ya bibi anayetabasamu, na kila hatua ikikamilika kompyuta iliandika VIZURI SANA! Mzee aliitazama, akavua miwani. "Mwanangu," alimwambia, "mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini. Mashine isinisahihishe mimi." Tulikuwa tumerahisisha kama wanaomrahisishia mtoto. Kijana aliomba radhi, wakaketi wote wawili, na safari hii mzee ndiye aliyetaja maneno: BARUA ZILIZOKUJA. ANDIKA BARUA. BARUA SIJAMALIZA. Kitufe cha kufuta alitaka kiwekwe mbali na cha kutuma, na kabla barua haijaondoka alitaka aulizwe jina la anayeandikiwa, kama kwenye M-Pesa. Neno la siri akalibadilisha mwenyewe, akatuambia tugeuke. Tuligeuka. Namba ya ofisi ikaondolewa, ikawekwa yake. Ile karatasi ya kwenye daftari la sadaka aliiomba, akaichana.

Si kwamba sasa anaruka. Kuandika mistari mitano kunamchukua asubuhi nzima, na mara mbili ameandikia ofisi ya mafao maneno yaliyomhusu mwanawe. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu na intaneti ikatoweka, alikuja akicheka hadi machozi. "Leo tuko sawa, Baba Mchungaji. Hata nyinyi hamna barua."

Anakuja bado kila Jumatatu, na nazi hatuzipati tena, jambo ambalo mama mchungaji amelitaja zaidi ya mara moja. Sasa anaketi upande wetu wa meza. Wiki iliyopita tulipita nyuma yake kuchukua daftari kabatini, naye bila kugeuka akavua kofia, akaishika mbele ya kioo mpaka tulipopita. Tukachukua daftari, tukatoka barazani, tukauvuta mlango.